Muhuri wa Kalibu ya Mota

Jumatatu, 6 Novemba
Bosi Tsukioka kampa Chinatsu kalibu ya mota aing'arishe, ile ya kushindilia unga wa chuma uwe kipande cha mota. Chinatsu! Miaka mitatu tu hapa karakanani, na mimi nang'arisha kalibu mwaka wa ishirini na sita. Eti mimi nipumzishe macho, nibaki kukagua. Nikainamisha kichwa, nikasema sawa. Ndani nachemka. Jina la aliyeng'arisha huchongwa ubavuni mwa kalibu, na safari hii litachongwa lake.

Jumatano, 8 Novemba
Anaimba akifanya kazi. Mchana kaniletea tonge la wali lenye samaki ndani, kalifunga mwenyewe. Nikaliacha mezani mpaka likakauka.
Nyumbani mke wangu kauliza mbona sinywi supu. Nikasema jino. Jino gani! Wivu tu, na umri huu.

Ijumaa, 10 Novemba
Kamaliza. Inang'aa kama kioo, wenzangu wanapanga foleni kujitazama. Nikaingiza lenzi.
Kwenye kona moja, chini kabisa, kuna mikwaruzo myembamba imelala kwa upana. Inatakiwa isimame, ifuate njia ya kipande kinaposukumwa nje. Kosa la mwanafunzi — kona imebana, kijiti cha kung'arishia kinateleza pembeni. Kwa kalibu ya gia si neno. Lakini huu ni unga wa mota: kila chembe ya chuma imevalishwa ngozi isiyopitisha umeme. Ikisuguliwa na mikwaruzo ile, ngozi zinachanika, chembe zinashikana, mota inapata moto. Hayo nilimfundisha mimi. Kona sikumfundisha.
"Vipi, mwalimu?"
"Safi."
Nikagonga muhuri wangu kwenye karatasi ya kalibu, nafasi ya mkaguzi. Wino mwekundu, jina langu: Nozawa.

Jumatatu, 13 Novemba
Tumeinyunyizia kalibu chumvi na sake, pombe ya mchele, kama desturi, mashine ikashuka kushindilia unga. Kipande cha kwanza kibaya. Cha pili kibaya. Ubavu wa kipande unametameta, ngozi zimechanika, pale ulipotakiwa kuwa wa kijivu, na mteja kasimama palepale!
Bosi akauliza ni kazi ya nani. Chinatsu akainama mpaka kiunoni, akasema kosa ni lake peke yake. Karatasi yenye muhuri wangu alikuwa nayo mkononi. Akaikunja, akaitia mfukoni.
Mteja katoa siku tatu. Tukishindwa, kazi inahamia karakana nyingine.
Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 14 Novemba
Nimepewa mimi kalibu niing'arishe upya! Na Bosi kasema mkaguzi atakuwa Chinatsu, ajifunze. Kasimama nyuma yangu kutwa nzima, anatazama kifundo cha mkono wangu. Haimbi tena. Alinisomea namba ya kijiti kutoka hatua tatu, bila miwani. Macho yale ningeyaiba.

Jumatano, 15 Novemba
Nimechoka. Bega linauma. Kona imenyooka — nadhani. Jioni niliona kama uzi mmoja umelala pale. Au ni kope langu? Nilifuta lenzi mara tatu. Sikumuuliza mtu.

Alhamisi, 16 Novemba
Mteja anakuja saa nane mchana. Saa tano Chinatsu kaingiza lenzi. Kazunguka kote haraka, kisha kwenye kona ileile akakaa. Akakaa.
Nikamwambia kona hiyo ngumu, kwamba nilisahau kumfundisha. Hakugeuka. Akauliza polepole, kama anauliza saa:
"Ijumaa ile uliiona, mwalimu?"
Bosi yuko mlangoni, amesikia. Nikasema nakwenda kunawa mikono.
Sasa ni saa sita, niko stoo na daftari hili. Wenzangu wanakula. Kupitia kioo cha mlango namwona, bado ameinama. Karatasi mpya iko mbele yake: nafasi ya mng'arishaji ina muhuri wangu, ya mkaguzi bado nyeupe. Kidau cha wino kimefunguliwa. Muhuri wake kaushika, wala haujagusa wino. Na mimi, Mungu wangu, sijui ameona nini pale konani. Ni yeye tu anayeweza kuniambia.
Kainua kichwa. Ananitazama mimi.