Ile arobaini niliyowapa wakubwa

Shoga, uko wapi? Nimejifungia stoo ya sampuli za mawe.

Unakumbuka lile eneo la mafuta la ng'ambo nililokuwa nakuimbia kila siku, eti miamba yake na yetu ni mapacha? Leo nimeliweka mbele ya wakubwa. Nikasema wenzetu watatoa asilimia arobaini ya mafuta yaliyo chini ya ardhi yao, nasi tutatoa hivyo hivyo, basi tuchimbe visima vinane. Mtambo wa kuchimbia ushafika. Mkurugenzi kalamu mkononi, tayari kusaini.

Mama mmoja mshauri, aliyewahi kufanya kazi kule ng'ambo, akauliza taratibu, "Mwanangu, hiyo arobaini umeitoa wapi?"

Nikasema, kwenye ripoti yenu.

"Sisi hatukuipima. Tuliiazima kwa eneo linalofanana na letu."

Nikauliza lipi. Shoga, nimeuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Akafungua ukurasa wa mwisho wa ripoti. "Lenu."

Letu. Na aliyeikisia hiyo arobaini, kabla hawajaiazima, ni mimi, wiki yangu ya kwanza kazini.

Mkurugenzi akafunika kalamu. "Kwa hiyo shahidi wako ni wewe mwenyewe?"

Sasa wanagonga mlango. Wanataka namba nyingine, na mimi sina.