Wifi, Ulijua Siku Ile ya Barafu?

Wifi yangu Kanini,

Usiogope, sijaandika ili nikutukane. Ningetaka kukutukana ningekutumia ujumbe wa sauti uusikie mbele za watu kwenye basi. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu kuna swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku uliyonipeleka kuwatazama wale wachezaji wa barafu, ulijua kwamba kaka yako alikuwa amebaki nyumbani akifunga mizigo ili anihame?

Nijibu kabla hujaanza kulia. Machozi yako huwa karibu, nakujua.

Tuanze na ukweli. Mgonjwa wa barafu nilikuwa mimi, si wewe. Mapenzi hayo niliyapata wodini, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa haachi kutazama mashindano ya kuteleza juu ya barafu kwenye televisheni yake. Kila nikienda kumpima presha ananishika mkono, "Wait, wait, watch her feet." Nikaanza kungoja naye, nikiitazama miguu ya wachezaji. Mwishowe nikirudi kutoka zamu, miguu imevimba, nilikuwa nakaa kwenye kochi na yunifomu yangu hivyo hivyo, nikitazama watu wakiruka na kuzunguka hewani. Wewe ulipita na kikombe chako cha chai na kuanza: "Wifi, hawa watu wamekosa kazi? Mtu mzima anavaa nguo ya vimeta anaenda kuanguka ndani ya friji!" Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Nyumba yetu ile ya Saltley, huku ughaibuni, ilikuwa na raha wakati huo, lazima tuseme.

Sasa wewe, Kanini, uliyewaita watu wangu watu wa friji, ukaja jikoni siku moja ukaniambia, "Wifi, Jumamosi usichukue zamu. Nimekukatia tiketi. Tunaenda kuwaona moja kwa moja, sio kwa TV."

Nikaacha kukata sukuma wiki. "Una nini wewe?"

"Sina kitu. Ni makosa mtu kumpenda wifi yake?"

Wee! Kwetu wifi huchungwa kama maziwa jikoni. Ukigeuka kidogo tu, yamefurika. Na mimi na wewe tulikuwa tunapendana kweli, lakini kupendana hakuondoi kuchungana. Nilikutazama ukapeleka macho dirishani, ambako hakukuwa na chochote isipokuwa pipa la jirani.

Jumamosi ile kaka yako alinipigia pasi blauzi. Pasi! Mtu ambaye tangu tuoane alikuwa akiikuta pasi mezani anaizunguka kama nyoka. Akanishikia koti nikalivaa, akasema, "Msiharakishe kurudi. Enjoyini." Nikauliza, "Kwani leo nyinyi wawili mna nini?" Akacheka kicheko kifupi. Wewe ulikuwa umeshatoka nje, umesimama kwenye baridi na koti halijafungwa vifungo, ukiniita basi lisituache. Basi lenyewe hata halikuwa limeonekana.

Lakini haki ya Mungu, tulipoingia ukumbini nilisahau yote. Unakumbuka ule ubaridi uliokuwa unapanda kutoka kwenye barafu ukitugonga magotini? Unakumbuka wale wamama waliokaa mbele yetu na mashada ya maua na vidoli vya kuwatupia wachezaji, walionigawia kidoli kimoja walipoona ninavyopiga kelele? Yule msichana wa nguo ya kijani alipotoka akirudi kinyumenyume kwa kasi bila kutazama nyuma, nilisimama. Kwenye televisheni huwezi kusikia sauti ya vile vyuma vikikata barafu. Pale niliisikia, krrr, krrr, nikalia machozi kama mtu aliyeokoka.

Wewe ulikuwa unatazama mapajani. Simu umeificha chini ya skafu, mwanga wake unatoka kwenye matundu.

"Nani huyo?"

"Watu wa kazini."

Watu wa kazini gani? Nyumba ya wazee ulikokuwa ukifanya kazi wakimtaka mtu wanapiga, tena wanapiga mpaka usiku wa manane. Hawaandiki. Hilo nililiweka akilini, nikarudisha macho kwenye barafu kwa sababu walikuwa wameingia mume na mke, wale wanaocheza wawili wawili. Mwanamume akamwinua mkewe juu ya kichwa kwa mkono mmoja, akakimbia naye, kisha akamrusha. Nikakushika mkono nikaukuta baridi kuliko ile barafu, na nilipokugeukia ulikuwa unalia.

Nilifurahi! Nilidhani mwishowe umeona uzuri wake. Ukaniuliza, "Wifi, na akimwangusha?"

Nikakujibu kwa ujuzi wangu wote: "Hawezi. Wamekuwa pamoja miaka mingi."

Namna ulivyonitazama wakati ule, Kanini, mpaka leo sijajua niiite nini.

Baada ya onyesho mimi nilitaka kurudi nyumbani. Wewe ukataka picha kando ya bango. Kisha choo. Kisha duka la fulana, ambamo hukununua kitu. Kisha choo tena. Tulipotoka, badala ya basi la Saltley ukanivuta tupande la kwenda Sparkbrook, ati kuna mahali Ladypool Road wanachoma kuku vizuri. Sparkbrook si njia ya kwetu hata kidogo! Nililalamika njia nzima, ukanivumilia njia nzima.

Tulifika nyumbani giza likiingia. Kabati lilikuwa wazi na upande wa kaka yako hauna nguo. Funguo zake zilikuwa juu ya meza ya jikoni. Hakukuwa na neno, hata la kudanganya. Nilishuka ngazi nikakukuta mlangoni bado na koti, na hukuniuliza kuna nini. Ulisema tu, "Pole, wifi." Labda uliniona uso. Labda. Usiku kucha ulikaa nami sakafuni, na nilikushukuru, na katikati ya shukrani nilikuwa nakuangalia kwa pembe ya jicho.

Wiki hazikupita nyingi ukaniambia umepata kazi Coventry. Halafu kimya. Wamama wa kanisani nao hawakukawia: ati ni wewe uliyemtafutia masanduku, ati mama mkwe alipanga yote kutoka Machakos, ati tiketi alilipa yeye kaka yako. Nilimpigia kaka yako nikamuuliza. Akasema, "Kanini hakujua lolote." Sasa yule alisema kweli lini? Lakini nao wamama wale, wakikosa la kusema si hulitunga? Nimeishi hivyo, leo nakuhukumu, kesho nakuachilia. Nilifungua televisheni nikakuta wanateleza, nikaizima. Hata hiyo raha yangu mliondoka nayo.

Mpaka mwezi uliopita. Kuna binti wa kwetu anasoma hapa, anakaa Bordesley Green, baba yake alifariki nyumbani. Familia ikanipigia mimi, kwamba nimfikishie habari nikiwa naye ana kwa ana, asiipate kwenye simu. Unajua vile tunafanya. Sikumwendea mikono mitupu. Nilipika, nikabeba, nikampakulia nikamwambia kula kwanza. Akasema hana njaa, amekunywa chai. Nikasema kula, mwanangu, nakuomba, umalize. Kwetu mtu hapewi habari mbaya tumbo likiwa tupu, kwa sababu baada ya hapo hatakula. Hilo hatufundishwi, tunaliona tu kwa mama zetu. Nilikaa pale namtazama anatafuna, sahani yangu sijaigusa.

Na hapo hapo, Kanini, nikaiona meza ile ya Ladypool Road.

Nilikuambia sina njaa, nyumbani kuna githeri. Ukasema, "Wifi, kula. Nakuomba. Umalize." Hukugusa chakula chako. Ulichukua kipaja chako ukakiweka kwenye sahani yangu, nami nikakutania kwamba umeanza kujikondesha utafute mchumba. Hukucheka. Ulikaa na mikono mapajani ukanitazama mpaka mfupa wa mwisho.

Kwa hiyo ulijua. Hapo sina shaka tena.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikakusema peke yangu jikoni kwa maneno ambayo mshirika wa kanisa hapaswi kuyajua. Lakini hasira ilikuwa inanisaliti. Anayekutakia mabaya hajali kama umekula. Baada ya siku ile hakikupita kitu kooni mwangu siku kadhaa, na kama si kuku yule sijui ningesimamaje wodini.

Bado nakushuku, usidhani nimeyameza yote. Ulijua tangu lini? Tangu ulipokata tiketi, au uliambiwa pale ukumbini, simu ikiwa chini ya skafu? Ulinitoa nyumbani ili yeye apate nafasi, au ili nisimwone akishusha sanduku ngazini kwangu? Hayo ni mambo mawili, wifi, wala hayafanani. Moja linaniuma na jingine ningekushukuru kwalo mpaka kufa. Nimeyapindua na kuyapindua, na peke yangu siwezi kuyatenganisha. Nakuhitaji wewe.

Talaka itaandikwa kati yangu na kaka yako, na iandikwe. Ya kuachana na wifi sijui inatolewa na mahakama gani. Nimekukosa. Hakuna mtu wa kuwatukana watu wangu wa barafu nikiwa kwenye kochi, na bila wewe hawanichekeshi wala hawanilizi.

Jumamosi siendi kazini. Mlango unaujua. Nitasonga ugali, kuku nitamchemsha mwenyewe, na sitakuuliza neno mpaka umalize sahani. Halafu utaniambia, hata likiwa lile baya.

Njoo na njaa.

Mimi wifi yako, na waseme wanavyosema.