Shimo la Chini

Shosti, hebu sikia. Bibi Chausiku kanisimulia leo mume wake wa kwanza alivyokufa. Mie sikujua hata kama alikuwaga na mume mwingine!

Mwaka 1951, huko Kinyerezi, mume huyo, Mwishehe, alikuwa akichimba udongo wa kukandika nyumba yao. Palikuwa na mashimo mawili. La juu lilikuwa salama, ila limejaa mawe. La chini lilikuwa na udongo laini, lakini ukuta wake una ufa.

Yeye akachagua la chini, na kila alipotoka mzima, kichwa chake kilimwambia hatari imepungua. Na ufa unazidi kupanuka!

Siku ya sita ukuta ukamomonyoka, ukamfukia hadi magotini. Bibi akamlilia, "Mume wangu, usirudi!"

Mwishehe akacheka. "Si umeona? Hata ukuta ukianguka natoka."

Hata hilo alilihesabu ushindi, shosti. Kesho yake aliondoka mapema kuliko siku zote, na safari hii ukuta ukamfukia mzima, hakutoka tena.