Msiba wa Brigita Aliye Hai

Kariobangi Kusini,
Nairobi.
Jumapili, 12 Machi 1995.

Mpendwa mjukuu wangu Khalayi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko watu wa soko letu siku ya Jumamosi. U mzima? Unakula? Usiniambie mkate, nauliza kama unakula. Na kifua chako je, na baridi hiyo ya Ujerumani? Mimi miguu inauma kama kawaida. Moyo ndio ulionusurika jana tu, na wewe ndiye uliyetaka kuusimamisha.

Anayeniandikia ni Millicent wa nyumba ya pili, yule anayefundisha watoto kanisani. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinitengeneze.

Khalayi, ulinitumia picha bila barua! Mtoto wa nani hufanya hivyo? Nilifungua bahasha, nikaikung'uta, ikaanguka picha peke yake. Natazama: wewe hapo, kichwa kipara, koti jeusi hadi magotini, kofia umeishika mkononi kama watu wa makaburini. Nyuma yako kila kitu cheupe. Yule baba Mjerumani anayekaa nawe amesimama kando, watoto wake wawili wamekunja nyuso. Na mama yao, Brigita, hayupo.

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Kichwa hicho nakijua. Nilikinyoa mwenyewe kwa wembe ukiwa na miaka sita, siku ya tatu baada ya kumzika mama yako. Tangu hapo sijakiona wazi tena. Nikasema, jamani, mtoto huyu amefiwa na mama mara ya pili.

Nyuma ya picha kulikuwa na maneno ya Kijerumani. Nikayapeleka kwa Nahashon fundi viatu, ambaye kila siku hutuambia aliwahi kufanya kazi kwa Wajerumani. Akavaa miwani, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Haya ni maneno mazito." Nami nikamwamini!

Basi tukaomboleza. Ningefanya nini? Mwanamke aliyekupa kitanda na chakula ni wa kwangu, hata kama sijamwona. Akina mama wa kanisa wakaja na sukari na majani ya chai, wakaimba siku mbili. Vijana wa jua kali hapo nyuma waliweka nyundo chini wakati wa maombi, na hawakumfanyia hivyo hata mwenye nyumba wetu alipokufa. Siku ya tatu nikanyolewa. Ndiyo, Khalayi. Nywele zote, kwa ajili ya Brigita.

Kisha mjomba wako Lusweti akaenda kwa ile ofisi iliyokupeleka huko kusoma, maana mtoto hawezi kuachwa kwenye nyumba isiyo na mama. Aliona haya kueleza mambo ya msiba, akasema tu unahitajika nyumbani. Wakampa karatasi ya kukurudisha. Inangoja dole gumba langu, na mwisho wake ni kesho.

Jana ndipo barua yako ilipofika. Millicent akasoma mpaka pale uliponiuliza mimi nyanya yako, "Kukhu, mliiona picha aliyotupiga Mama Brigita?" Akakitazama kipara changu. Nikamwambia, "Rudia hapo." Akarudia. Haki ya Mungu! Kumbe mwanamke mwenyewe ndiye alikuwa ameshika kamera! Na yale maneno ya nyuma, umeeleza mwenyewe, ni "theluji ya Februari" tu!

Nilitoka na kipara changu hadi kwa Nahashon. "Wewe, theluji ndiyo maneno mazito?"

"Si huanguka, mama?" Hata haya hana.

Lakini lililonishtua zaidi ni lile uliloandika mwishoni, kwa herufi ndogo ndogo, Millicent anasema. Kwamba huko hakuna anayejua kusuka, kwamba Brigita alijaribu na chanuo lake la nywele laini mpaka mkalia nyote wawili, ukanyoa, ukaogopa kuniambia. Miezi sita mtoto wangu hajapata mkono wa kumsuka, na mimi nimekaa hapa na vidole kumi!

Ukasema pia kwamba baada ya kunyoa, Brigita alikushika kichwa kwa mikono miwili, kisha akakufumia kofia. Hapo nilimwomba Millicent aache kusoma kidogo.

Lusweti anasema karatasi ipo, urudi tu. Nimelala nayo chini ya mto. Sitakudanganya, nataka urudi. Nyumba ni chumba kimoja, na tangu uende imekuwa kubwa. Lakini umeandika unataka kumaliza masomo mwezi wa saba. Na nyumba yenye mama haikimbiwi. Maliza.

Mwambie Brigita alililiwa vizuri. Wengi hufa bila kujua nani angewalilia.

Lusweti anakusalimu. Millicent pia, hapa anacheka na kufuta macho. Hata Nahashon anakusalimu, ingawa sikumtuma. Mungu akuwekee joto mwilini na watu wema mlangoni.

Usinyoe tena. Nami sinyoi. Ziote pamoja, huko na huku, na siku utakayoshuka kwenye ndege utanikuta nimeshika chanuo na uzi.

Dole ambalo ofisi inalingoja kesho, nimeliweka hapa chini. Halitawekwa pengine.

Ni mimi nikupendaye, mwenye kipara kama chako,

Kukhu Namaemba
(dole lake, kwa wino wa buluu)