Bahasha ya Mzee Stiggers

Jumatatu, 2 Machi 2009

Mahakama imejibu! Jaji atapokea ushahidi wa mzee Stiggers, jirani yangu wa selo. Ndiye pekee aliyekuwepo siku afande Kinsler aliponibana mkono kwa mlango wa chuma mpaka ukavunjika. Makusudi! Mzee kafariki mwezi uliopita, lakini kabla ya hapo aliapa hospitalini na kuyajibu maswali niliyomwandikia mbele ya mwandishi wa mahakama. Mimi sikuruhusiwa kuingia wodini. Alijibu nini? Sijui. Bila maneno yake sina kesi, nina mkono uliopinda tu.

Sharti moja: bahasha ya majibu ifike kwa karani wa mahakama na lakiri yake, haijafunguliwa.

Jumatatu, 16 Machi

Niliomba mwandishi aitume moja kwa moja kwa karani. Hapana. Lazima ipitie kwa wakili wa mdai. Na mdai asiye na wakili ni wakili wa nafsi yake — hongera, wakili Purdom!

Basi inakuja huku. Na huku kila bahasha hufunguliwa mbele ya mfungwa mwenyewe. Mahakama: isifunguliwe. Gereza: ifunguliwe. Wote serikali! Si wakae meza moja wamalizane?

Dewitt, ninayelala naye selo moja, kacheka mpaka tambi zikamtokea puani. Eti nijifunze uchawi, kaka, hakuna njia nyingine. Wakili wa jimbo, anayemtetea Kinsler, anaombea lakiri ivunjike tu, aweke pingamizi.

Alhamisi, 26 Machi

Imefika. Na nani yuko dirisha la barua? Kinsler! Nilipomshtaki walimtoa bwenini, eti kwa usalama wangu, wakamkabidhi barua zangu. Akili hizo.

Kisu tayari mkononi. "Purdom, mzigo wako. Nakukatia."

Nikamwambia jaji anaitaka nzima.

"Jaji hafanyi kazi hapa. Ukikataa, inarudi ilikotoka."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kisha nikakumbuka kanuni zao wenyewe: anayefungua barua ya mahakama husaini kitabuni. "Haya, fungua, afande. Ila saini kitabuni kwanza. Jina kamili, na kwamba lakiri umeivunja wewe."

Kisu kikabaki hewani. Mshtakiwa asaini kwamba ameufungua ushahidi dhidi yake! Akamwita sajenti Mabry aifungue yeye. Mabry akaisoma bahasha kwa mbali, akasema jino linamuuma, akaondoka. Akamwita mwenzake wa ghala. Huyo zamu yake imeisha — saa nne asubuhi!

Sasa niko kwenye benchi, naandika kwa mkono wa kushoto. Bahasha iko kwenye kaunta. Hakuna anayeigusa. Foleni nyuma yangu inanung'unika: "We Purdom, chukua barua yako utupishe!"

Kinsler kaniita dirishani. Sauti chini kabisa.

"Bwana Purdom." Bwana! "Yule mzee alisema nini humu?"

"Sijui, afande."

"Acha utani."

"Haki ya Mungu, sijui."

Na ni kweli. Stiggers alikuwa akitetemeka kila akisikia funguo za Kinsler. Huenda kasema yote. Huenda kasema alikuwa amelala.

Nimerudi kukaa. Kinsler ameweka kisu chini, anaitazama bahasha. Na mimi naitazama.