Karai Juu ya Karavani

Jumapili, 5 Agosti 2007

"Chep—" Kisha mlio kama maji yanavyomezwa na bomba la sinki. Haujanitoka masikioni tangu asubuhi. Kogo, bibi yangu, alikuwa Kericho na simu sikioni, anaanza kuniita, na miti ya Nanjemoy ikammeza. Nusu tu ya Chepkirui ndiyo iliyofika Maryland.

Tuko kwenye karavani ya Baba, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka nyumbani Bowie. Miti, mbu, mto, simu zisizoshika. Tulikuja kumpumzisha Nkatha, mke wa kaka yangu Kiplagat. Mtoto hakungoja. Alizaliwa Alhamisi, siku kumi na mbili kabla ya wakati wake, mzima, mkali. Kwenye fomu za hospitali ni Peterson. Kwetu bado hana jina, maana Kogo hajamwitia jina.

Na Kogo ameweka sharti. Kutoka hospitali hadi kitanda cha karavani, sawa. Safari ya kurudi Bowie, hapana, mpaka ijulikane ni nani wa ukoo aliyerudi. Yeye atataja marehemu wetu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi ndiye huyo. Baba ana miaka hamsini na minane na hawezi kumpinga mama yake. Kiplagat anarudi kazini Jumatatu ijayo.

Baba alipendekeza kadi ya simu. Kogo akakataa kabla laini haijakatika. Alipozaliwa Ethan, mtoto wa binamu yetu kule Minnesota, walitumia simu, na chafya iliyosikika ilikuwa ya mtu mwenye ndevu. Kogo hajawasamehe. "Safari hii macho yangu yaione pua," alisema.

Kwa hiyo intaneti. Humu ndani ya karavani. Yenye picha, isiyokatika katikati ya mababu! Wote wakanigeukia. Digrii ya uhandisi wa umeme, na kazi ya mapokezi hotelini Silver Spring.

Nimesema nitaweza.

Jumatatu, 6 Agosti

Ofisi ya uwanja huu wa karavani ina intaneti ya bila waya. Mzee Tobias, msimamizi, aliniandikia nywila nyuma ya risiti ya chambo cha samaki. Barazani kwake laptopu inashika vizuri.

Kiplagat akasema basi, tufanyie hapo barazani. Nkatha akamuuliza kama amewahi kuona mtoto wa siku nne akikaa katikati ya watu wanaonunua minyoo. Mama akaongeza kwamba ukoo hauitwi kwenye baraza la mtu mwingine. Mjadala ukaisha.

Nimepima kwa miguu. Hatua mia mbili na sitini kutoka ofisini hadi mlangoni kwetu. Intaneti inakufa hatua ya tisini.

Jumanne, 7 Agosti

Laptopu juu ya paa — hakuna. Juu ya gari — hakuna. Nikaenda Waldorf kununua kile kijiti cha kunasia intaneti, chenye waya mrefu. Sasa inakufa hatua ya mia na arobaini. Ndani ya karavani, sifuri.

Kiplagat ananiita Injinia wa Mapokezi. Nilikaa nyuma ya karavani nikafanya hesabu kwenye bahasha, na hesabu zilikuwa nzuri kuliko watu.

Jumatano, 8 Agosti

Karai!

Mama alikuwa anakaanga maandazi. Alipomaliza akalipangusa karai na kulisimamisha dirishani, na jua likaingia ndani yake likajikusanya mahali pamoja. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini polepole.

Mama aliuliza kama nitamrudishia likiwa bado karai. Nikaahidi. Nikafunga mwiko kukatiza mdomo wa karai, nikaning'iniza kijiti pale miale inapokutana, nikapanda paani. Baba akabaki ndani akinisomea vistari vya mawimbi kwenye laptopu kwa sauti ya mtu anayetangaza kura. Kimoja. Kimoja. Hakuna. Nikageuza kwa upana wa kidole. Kimoja. Viwili. Nikageuza tena, nikiacha kupumua.

"Vinne," akasema. Halafu, kama hajiamini: "Chepkirui, ni vinne."

Nilibaki paani nusu saa bila kazi yoyote. Miaka minne ya chuo, na mara ya kwanza kitu kinanitii.

Alhamisi, 9 Agosti

Mvua. Majani yaliyolowa yanakunywa intaneti, vistari viwili. Nimelihamishia karai kwenye mlingoti wa bendera wa Baba, futi sita juu zaidi, nikalikaza kwa kamba. Jioni, vinne tena. Saa tatu mfululizo bila kukatika. Tobias alikuja kulitazama, mikono mfukoni, akaondoka akitikisa kichwa. Nadhani ni heshima.

Ijumaa, 10 Agosti

Jaribio na binamu yangu Kiprotich, yuko kwenye saiba, duka la intaneti, kule Kericho. Nimeona hadi pengo la meno yake! Nikamwambia nitainua mkono, naye apige kofi akiuona tu. Nikahesabu: moja, mbili, tatu — kofi. Bila shaka. Ofisi ya Tobias inatumia sahani ya setilaiti, na saiba nayo ina yake. Njia ya kwenda mbinguni mara mbili. Nimeandika sekunde 3 kwenye bahasha, nikaendelea na mwangaza wa kamera.

Kesho, saa tatu asubuhi yetu, saa kumi jioni yao.

Jumamosi, 11 Agosti

Nataka kuandika sawasawa ilivyokuwa.

Kogo alikaa karibu mno na kamera, tukaona paji la uso na kitambaa. Ugoro wa kumchochea mtoto chafya Nkatha aliukataa, yeye ni nesi. Alikubali ncha ya karatasi laini puani, basi. Kogo akaanza. Anaita haraka, bila kituo, kama alivyofundishwa. Babu wa babu. Ndugu zake. Mtoto alikunja uso, akatulia. Majina kumi na moja. Kisha tukasikia "Arap Sitonik", na mtoto akapiga chafya.

Baba aliguna. Sitonik ni yule ndugu wa babu yetu aliyekuwa akificha maziwa wageni wakibisha hodi. Lakini Kogo hakusimama. Akaita jina moja zaidi: "Kipng'eno". Ndipo akaona pua ikipiga chafya. Akaziba mdomo kwa mkono.

Kipng'eno alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Baba. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, hajaoa. Aliyekufa bila mtoto haitwi. Kogo alikuwa amemchomeka kimyakimya mwishoni.

Akapiga vigelegele, saiba nzima ikageuka. Baba akainama juu ya mtoto, akasema, "Karibu, kaka." Alikuwa analia. Dakika arobaini na moja, laini haikukatika hata mara moja. Kiplagat alinikumbatia. Aliniita Injinia, na hakukuwa na utani ndani yake.

Moja, mbili, tatu. Ni mimi peke yangu niliyehesabu.

Jumapili, 12 Agosti

Tangu alfajiri najibishana na nafsi yangu. Nani ataumia nikinyamaza? Hakuna. Kogo amempata mwanawe. Kiplagat anapakia gari.

Lakini Kogo aliikataa simu kwa sababu ilimdanganya. Nami nikampa hii.

Nimetembea zile hatua hadi ofisini nikaomba simu ya mezani ya Tobias. Kiprotich akampa Kogo. Nikamweleza: picha inachelewa, alipoiona chafya ilikuwa imeshapita, ilikuwa ya jina lililotangulia.

Akasema: "Sitonik."

"Ndiyo, Kogo."

"Mlisikia wote?"

Nikasema wote.

"Na baba yako akanyamaza."

"Alinyamaza."

"Mbona wewe hukunyamaza?"

Nikamwambia alitaka macho yake yaone, na macho niliyompa ni mimi niliyeyatengeneza. Nilijua yanachelewa. Niliandika.

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alisema anataka kukaa kidogo na mwanawe, kisha ataniambia ni jina la nani tuondoke nalo. "Msimpandishe mtoto garini," akasema. "Ngoja hapohapo ulipo."

Nangoja. Naandika barazani kwa Tobias, watu wananipita na ndoo zao. Sijutii. Kutoka huku namsikia Kiplagat akimuuliza Nkatha, akimuuliza Mama, akimuuliza Nkatha tena. Aliacha funguo za gari zikining'inia kwenye buti. Nilizichukua nilipokuwa nakuja huku, na sasa zimo mfukoni mwangu.