Usiilete Ile Fedha ya Paa

Siyu,
kwa njia ya Posta ya Amu,
Jumatatu, 6 Shaaban 1375 (19 Machi 1956)

Mpendwa kaka yangu Khatib,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba waraka huu ukukute na afya, wewe na wifi yangu Umi na watoto. Mguu uliopasuliwa umepona? Wanaotoka Mombasa mmoja asema watembea bila bakora, mwengine asema bado wachechemea. Niambie wewe mwenyewe, niache kuulizauliza watu.

Sisi hapa hatujambo. Mama ana kikohozi chake cha kila mwaka, lakini chakula anakula. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio usiotulia. Tangu asubuhi nimeketi, nimeinuka, nimefagia ua uliokwisha kufagiwa, nimerudi kwenye kalamu.

Kwanza ujue kwamba huu ni mkono wangu mimi Radhiya. Barua zote ulizopata kwa jina la Chama cha Banati, chama cha chuo chetu cha Kurani cha wasichana, ziliandikwa na Bwanamkuu, mwenyekiti wetu. Mimi nimejifunza kuandika mwaka jana, nikiketi nyuma ya wasichana unaowalipia wasome. Ukiona mistari imepinda, niwie radhi.

Wakumbuka ulipokuwa hospitali, fedha yako ya chuo ilichelewa. Hukuwa na kosa, mgonjwa hatumi fedha. Lakini mwalimu wetu, Bi Hadia, alikaa miezi mitatu bila mshahara. Hakunung'unika. Siku moja akakunja mkeka wake, akawaaga wasichana, akarudi kwao Amu. Chuo kikafungwa. Hili halikuandikwa kwako.

Nilimfuata Amu. Nilimkuta barazani kwa mamake anashona kofia. Nikamwambia fedha itakuja, na tutamwongezea. Akatikisa kichwa.

"Bi Radhiya, mimi siombi cha kuongezwa," alisema. "Nataka nijue mwezi wangu utaisha vipi kabla haujaanza. Mkiweza kuniambia hilo, nitarudi kesho."

Nilirudi Siyu na aibu yangu.

Haukupita muda ikaja barua yako. Bwanamkuu alikuwa Mbwajumali kwenye shamba la mkewe, na bahasha ilikuwa na jina la Chama, basi nikaletewa mimi niliye msaidizi wake. Niliisoma kwa shida, neno baada ya neno, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Umeandika kwamba wafurahi sana kuwa watu wa Siyu watoa nusu, nawe watoa nusu. Umesema wawasimulia wenzako madukani ili waige mji wetu.

Kaka Khatib, hakuna aliyetoa. Wala nusu wala robo. Miaka minne chuo kimekula mkononi mwako peke yako.

Bwanamkuu aliporudi nilimwendea na barua mkononi. Hakukana kwamba ndiye aliyekuandikia hivyo. Usimdhanie wizi, kila ulicholeta kilimfikia mwalimu. Aliniambia, "Ningeandika nini? Kwamba mji mzima wamngojea mtu mmoja?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Angetuacha."

"Na alipougua, si tulibaki vivi hivi?"

Akaikunja barua yako, akanirudishia. Mimi nikaondoka upesi, maana sijapata kusema naye hivyo maishani mwangu.

Nikawakusanya wanawake nyumbani kwa Bi Shifaa, ambaye mjukuu wake Mwanaarabu alikuwa amefika juzuu ya kumi chuo kilipofungwa. Niliwaeleza yote. Nilitarajia wataona haya. Badala yake Swafiya, mke wa fundi Madi, alinikasirikia mimi.

"Lini mlituomba?" aliniuliza. "Kila Idi Bwanamkuu husimama akasema Khatib ametuma, Khatib ametosheleza. Sisi twajua mambo yametimia. Nani alibisha mlango wangu akanambia mwalimu hana chakula?"

Ni kweli, hatukuomba hata siku moja.

Bi Shifaa akaingia ndani, akatoka na mtele wa wali kwenye kikapu. "Mimi shilingi sina," alisema. "Hichi naweza, Ijumaa hata Ijumaa. Zaidi ya hichi nitakuwa nawadanganya."

Basi tukaanzia hapo. Kila nyumba ikasema kile inachoweza kukitoa kila Ijumaa bila kukikosa. Mwenye mtele, mtele. Mwenye nazi, nazi. Washonaji wakaahidi kofia, na mafundi wa ngozi makubadhi ya kuuzwa Amu. Hatukumwita Bi Hadia mpaka tulipokwisha kuona kwamba ahadi zetu zatosha mshahara wake wa miezi sita. Tulipomwita alikuja kwa jahazi la maji ya kwanza.

Tuliwekeana pia ahadi kwamba kila Ijumaa baada ya sala itasemwa mbele ya wote kilichokuja na kazi kilichofanya. Hatusifu nyumba wala hatutaji aliyekosa. Twasema tu: mwalimu amekula, kalamu zimenunuliwa, wasichana watatu wameongezeka.

Usidhani mambo ni laini. Kuna Ijumaa nazunguka mitaani mpaka viatu vyanichosha. Bi Hindu, jirani yetu wa mlango wa pili, alinicheka siku ya kwanza: "Radhiya, umekuwa mwombaji siku hizi?" Nilirudi nyumbani nikalia. Ijumaa ya pili nikaenda tena, maana nisipokwenda mimi hakuna mwengine. Siku hiyo akanipa nazi mbili. Sasa huja nazo mwenyewe, na nikichelewa hunigombeza.

Na Madi, ambaye hana binti, ameweka wakfu minazi yake kumi na mmoja ya njia ya Faza. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba amechoka kusikia jina la mtu wa Mombasa kila Idi.

Sasa nifike kwenye linalonifanya nisitulie. Mwezi uliopita ulimwandikia Bwanamkuu kwamba Idi hii utaleta shilingi mia tatu za paa la mabati. Alifurahi mno, akaitangaza msikitini. Ijumaa iliyofuata nikangoja mlangoni kwa Bi Shifaa. Vikapu vilikuja vinne. Kabla ya hapo vilikuwa vikija ishirini na saba. Nilipopita majumbani niliambiwa kwa upole kabisa, "Si Khatib ameshaleta?"

Kaka yangu, usiilete fedha hiyo.

Neno hilo nimelikata mara mbili, na mara mbili nimeliandika tena. Paa limechoka, wewe hujui. Mvua ya mwaka jana wasichana walisoma wamejibanza pembe moja kama kuku. Masika hayako mbali. Huenda nakosea, na atakayelowa si mimi, ni mtoto wa mtu. Nalala na fikira hiyo, naamka nayo. Lakini nikumbukapo mkeka wa Bi Hadia ulivyokunjwa, naona heri paa livuje na chuo kiwe chetu, kuliko tuwe na mabati na siku ukiugua tena tufunge mlango.

Sikuombi utuache. Nakuomba uwe nyumba moja katika nyumba zetu. Sema kile unachoweza kila mwezi, hata mwezi wa biashara mbaya, nasi tutakitaja Ijumaa pamoja na nazi za Hindu. Na kama wako watu wa Siyu huko Mombasa, usiwalipie. Waombe, mmoja mmoja. Nimejua sasa kwamba watu hupenda kuombwa kuliko tunavyodhani.

Kama umeghadhibika, ghadhabu yako iwe kwangu.

Sikutaka kukuandikia kwa siri. Leo baada ya alasiri nilimwita Bwanamkuu pale chuoni nikamsomea waraka huu wote, na neno sikulibadili. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale penye uongo wangu."

Nikasoma tena.

"Ongeza kwamba niliona haya kwa ajili ya mji, si kwa ajili ya nafsi yangu."

Nikachukua kalamu. Akaninyoshea mkono. "La. Usiongeze. Liwate vivyo hivyo."

Akaenda kusimama chini ya lile paa, akatazama juu kwa muda. Kisha akaniuliza zatakiwa boriti ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akavua koti, akampigia kelele Madi alete shoka.

Mama akusalimu sana na akuombea mguu. Bi Shifaa, Swafiya na Bi Hadia wakusalimu. Mwanaarabu asema umjue, amefika juzuu ya kumi na tatu. Nisalimie wifi Umi na wanangu wote.

Mola akuafu, akukunjulie riziki, na atukutanishe kwa kheri nyuso zikiwa zimekunjuka.

Ni mimi nduguyo akupendaye, angojeaye jibu lako kwa hofu,

Radhiya